Mahagi na Bendera Zake

Mwanafunzi mmoja wa hapa Bunia, mzaliwa wa Mahagi, ametuletea swali lifaalo kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Aandika kwamba shangazi yake ameolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Goli, katika Uganda. Babu yao ni mmoja, lugha yao ni moja, na moshi wa jiko la shangazi huonekana kutoka shamba la kaka yake. "Kwa nini basi," auliza, "shangazi ni mtu wa Uganda, nami ni Mkongo?" Alipomwuliza mwalimu wake alijibiwa kwamba Wazungu ndio waliochora mpaka. Jibu hilo ni la kweli, lakini lafanana na jibu la mtu aulizwaye mbuzi wake amekufa kwa nini, naye akasema: Kwa sababu ameacha kupumua. Wazungu gani hao? Walichora mwaka gani? Na kila mmoja wao alikuwa akitafuta nini? Tuanze mwanzo, wala tusifanye haraka, maana mji ule mdogo umeona mabwana wengi kuliko miji mingi mikubwa.

Ukitoka Bunia ukashika njia ya kaskazini, ukapanda nchi ya Djugu na kuendelea mbele, wafika Mahagi, mji wa milimani penye baridi ya asubuhi, karibu kabisa na mpaka. Upande wa mashariki nchi yateremka kwa ghafula mpaka Ziwa Albert, na huko chini ndiko iliko bandari iitwayo Mahagi-Port. Wakaaji walio wengi ni Waalur. Wenzao wako ng'ambo, katika Nebbi, Paidha na Pakwach.

Waalur walikuwa na habari yao ya mpaka kabla hawajamwona Mzungu yeyote. Wazee husimulia ya kuwa ndugu wawili wa ukoo wa kifalme, Gipir na Labongo, walikaa Pubungu, karibu na Pakwach, kando ya Nile. Siku moja tembo aliingia shambani. Gipir akanyakua mkuki uliokuwa karibu, kumbe ni wa nduguye, akamchoma nao, na tembo akakimbia nao porini. Labongo akakataa kulipwa mkuki mwingine wowote. Alitaka ule ule. Gipir akasafiri mpaka nchi ya tembo, akapata taabu nyingi, akaurudisha. Baadaye mtoto mchanga wa Labongo akameza ushanga wa Gipir. Sasa Gipir naye akataka ushanga ule ule, wala si mwingine, hata mtoto akapasuliwa tumbo. Baada ya hayo hawakuweza tena kukaa pamoja. Wakatia shoka mtoni liwe alama ya kutengana kwao. Gipir akavuka kwenda magharibi, na uzao wake ni Waalur. Wa Labongo, waliobaki mashariki, ni Waacholi. Ni habari ya kusikitisha, lakini angalieni neno moja: mpaka ule uliwekwa na wale wale walioumizana, na watoto wa pande zote mbili walifundishwa sababu yake.

Utawala wa Waalur nao ulienea kwa namna isiyo ya kawaida. Mwingereza Aidan Southall, aliyekaa kwao na kuchapisha kitabu juu yao mwaka wa 1956, aliandika kwamba mara nyingi jirani zao, yaani Walendu wa milimani na Waokebo wahunzi, hawakushindwa kwa vita. Wao wenyewe walimwendea mfalme wa Kialur kuomba wapewe mmoja wa wanawe akae kwao. Wengine hata walimteka kijana wa kifalme kwa hila, wakamjengea nyumba. Walitaka nini kwake? Walitaka mtu wa kuamua kesi za damu, na mtu wa kuwapatia mvua. Sisemi kwamba siku zile zilikuwa za amani tupu, na labda Mlendu angeisimulia habari hii kwa namna nyingine. Lakini mtawala alikuwa karibu, na uso wake ulijulikana.

Bwana wa kwanza aliyetoka mbali ni Misri. Mwaka wa 1864 Mwingereza Samuel Baker aliliona ziwa letu akalipa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria, aliyekuwa amekwisha kufa. Wenyeji walikuwa nalo jina tayari, lakini hakuna aliyewauliza. Baada yake serikali ya Misri ilidai nchi zote za Nile ya juu, ikaziita Ekwatoria. Tangu mwaka wa 1878 gavana wa nchi hiyo alikuwa mtu wa ajabu, daktari Mjeremani jina lake Eduard Schnitzer, aliyejiita Emin. Alizaliwa mwaka wa 1840 katika Oppeln, mji uliokuwa chini ya mfalme wa Prusia. Tangu mwaka wa 1945 mji huo ni wa Polandi, nao waitwa Opole. Basi hata mji wa Emin mwenyewe wajua habari tunayoisimulia.

Mahdi alipoiteka Khartoum mwezi wa Januari 1885, Emin alikatiwa njia ya kaskazini. Akahamia Wadelai, katika nchi ya Waalur, pamoja na meli mbili ndogo za moshi, na kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa akaweka vituo katika Tunguru na Mswa. Bendera ya Misri ikapepea hapo miaka kadhaa, ingawa Misri yenyewe haikuweza kumpelekea hata askari mmoja. Askari aliokuwa nao waliishi kwa nafaka na ng'ombe wa wenyeji. Hata mwezi wa Aprili 1888 akatokea Stanley, amechoka na msitu wa Ituri, wakakutana kando ya ziwa upande wetu huu. Mwaka uliofuata wakaenda pamoja mpaka Bagamoyo. Huko, siku ile ile ya karamu ya kuwapokea, Emin alianguka dirishani, akakaribia kufa. Akapona, akarudi bara, akauawa mwaka wa 1892 katika misitu ya Kongo.

Lakini habari iliyowahusu watu wa Mahagi si ya Emin, ni ya askari wake walioachwa. Sehemu yao walichukuliwa na Mwingereza Lugard mwaka wa 1891 kwenda kumtumikia Uganda. Uzao wao ni Wanubi wanaojulikana mpaka Nairobi. Wengine, waliobaki Wadelai, mwaka wa 1892 waliingia katika utumishi wa Dola Huru la Kongo, wakapewa bendera ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu. Mwanamke wa kijijini aliyewaona wakija na bendera hiyo mpya bila shaka aliwatambua: walikuwa wale wale waliokuwa wakija na ile ya zamani.

Dola hilo lilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja. Karatasi yake ya kwanza, ya mwaka wa 1885, ilimpa nchi mpaka mstari wa 30 wa longitudo upande wa mashariki. Enyi wanafunzi, chukueni ramani mtazame. Mstari huo wapita magharibi ya Bunia! Kwa hiyo, kwa karatasi hiyo, si Mahagi tu, bali hata uwanja wa kanisa letu hapa ulikuwa nje ya Kongo.

Leopold hakuridhika. Alitaka Nile. Tarehe 12 Mei 1894 akapatana na Waingereza, nao wakamkodisha nchi ya magharibi ya Nile, ambayo wao wenyewe walikuwa hawajaishika. Yeye akawakodisha ukanda wa ardhi kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Edward, ili waunganishe makoloni yao ya kusini na ya kaskazini. Wajeremani, waliokuwa wakitawala Afrika ya Mashariki, hawakutaka Waingereza wapite mgongoni mwao. Wakapiga kelele, na ukanda huo ukafutwa mwezi uliofuata. Wafaransa nao wakapinga upande wa kaskazini, na mwezi wa Agosti wakampunguzia Leopold nchi aliyokodishiwa, hata ikabaki ile iliyokuja kuitwa Lado, kutoka ziwani kwetu mpaka karibu na Juba ya leo. Mnaona jinsi mambo yalivyokwenda: wageni wanne wagawana shamba, na mwenye shamba hayuko mezani.

Sasa sikilizeni sharti, maana hapa ndipo kiini cha jibu kilipo. Nchi ya Lado Leopold alikodishiwa kwa muda wa uhai wake. Lakini ndani ya mapatano yale yale mlikuwa na ukanda mwembamba, upana wake kilomita 25, kutoka mgongo wa nchi ugawao maji ya Kongo na ya Nile mpaka ufuko wa Ziwa Albert, pamoja na bandari ya Mahagi. Ukanda huo ungebaki na Kongo hata baada ya mfalme kufa, maadamu Kongo iko chini ya warithi wake. Mfalme alitaka mlango. Mizigo ya Kongo ishuke Mahagi, ipakiwe melini, iende zake na Nile. Mwaka wa 1902 ikaundwa kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujenga reli kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani, mpaka Mahagi. Wapimaji walipita msituni na vyombo vyao. Reli haikuja. Mpaka leo Mahagi haijasikia honi ya treni, lakini mlango uliotengenezwa kwa ajili ya treni ungali upo, nao ndio mpaka wa nchi.

Mapatano mengine ya mwezi wa Mei 1906 yakakaza sharti lile lile: miezi sita baada ya mfalme kuacha kuimiliki, Lado itolewe kwa Sudan ya Waingereza, ukanda wa Mahagi ukae. Mwezi wa Novemba 1908 Ubelgiji ikaitwaa Kongo kutoka mikononi mwa mfalme wake. Na tarehe 17 Desemba 1909 Leopold akafa.

Fikirini, wasomaji. Mzee wa miaka 74 afa katika Ubelgiji, na kwa kifo chake watu wa Arua, wa Koboko na wa Okoro, wasiomjua kwa sura, wabadilishiwa serikali. Tarehe 16 Juni 1910 Lado ikakabidhiwa. Wabelgiji waliondoka upesi kuliko Waingereza walivyofika, na katika pengo hilo wawindaji wa pembe za tembo wakamiminika kutoka kila upande kama kunguru waonao mzoga. Tayari mwezi wa Januari mwaka huo Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani mpaka mwaka uliotangulia, alikuwa huko akiwinda vifaru weupe. Sudan nayo iliona nchi hii i mbali mno na Khartoum. Mwanzo wa mwaka wa 1914 sehemu yake ya kusini ikapewa Uganda, ikaitwa West Nile, na mkuu wa wilaya wa kwanza, Weatherhead, akaweka makao yake Arua. Basi mtu wa Okoro aliyekuwa akilima mtama wake mahali pale pale, katika muda wa miaka minne tu alitolewa kwa Wabelgiji akatiwa Sudan, akatolewa Sudan akatiwa Uganda.

Jirani yake wa Mahagi hakwenda popote, kwa sababu ya zile kilomita 25. Mapatano ya mwaka wa 1910 na ya mwezi wa Februari 1915 yakachora mpaka wa kudumu. Yale ya 1915 yalitiwa sahihi London wakati Ubelgiji yenyewe, isipokuwa kona ndogo, ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Wajeremani. Serikali iliyofukuzwa kwake ilikuwa ikihesabu vilima vya Waalur. Kongo ikabaki na mteremko wa Mahagi mpaka ziwani. Ndiyo maana mvua inyeshayo juu ya mteremko huo haishuki na mto Kongo kwenda Atlantiki kama mvua yetu ya Bunia, bali huingia ziwani, hushika Nile, ikapita Sudan na Misri. Shangazi wa mwanafunzi wetu ni mtu wa Uganda kwa kuwa nyumba yake iko nje ya mlango wa Leopold. Mpwa wake ni Mkongo kwa kuwa yake iko ndani.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Afrika peke yake. Wabelgiji wenyewe wanao mji mdogo wa mpakani, Eupen, ambao watu wake husema Kijeremani mpaka leo. Zamani ulikuwa chini ya wafalme wa Austria. Wafaransa wakauchukua katika siku za mapinduzi yao. Mwaka wa 1815 ukapewa Prusia, na hivyo ukawa wa Ujerumani. Baada ya vita vya kwanza, mwaka wa 1920, ukapewa Ubelgiji. Mwezi wa Mei 1940 Hitler akautwaa, na mwezi wa Septemba 1944 Wamarekani wakawafukuza askari wake, ukarudi Ubelgiji. Mtu aliyezaliwa Eupen mwaka wa 1910 alikuwa Mjeremani, kisha Mbelgiji, kisha Mjeremani, kisha Mbelgiji, naye labda hakuhama hata chumba.

Tena, watu wa Eupen na wenzao wa Malmedy waliulizwa. Lakini waliulizwaje? Mwaka wa 1920 ilitangazwa kwamba yeyote asiyetaka kuwa wa Ubelgiji aje aandike jina lake wazi katika daftari mbele ya wakuu wapya. Katika watu zaidi ya 33,000 wenye haki ya kujibu, 271 tu ndio walioandika. Wakuu wakasema: Tazameni jinsi watu wanavyoridhika! Mimi naona jambo jingine. Mtu mwenye duka, watoto na shamba ataandikaje jina lake katika daftari la wanaomkataa bwana mpya, na huyo bwana amesimama hapo akisoma begani mwake? Hata hivyo wa Eupen walipata daftari. Mahagi na Okoro hawakuletewa hata hilo.

Miaka ya Wabelgiji naipita upesi, maana wazee wengi wameisimulia katika nyumba zetu: kodi, barabara za kulimwa kwa mikono, na vijana waliokwenda kuchimba dhahabu katika Kilo-Moto. Waalur wengi wa pande zote mbili walikwenda mbali zaidi kutafuta mshahara katika mashamba ya Buganda, na huko hakuna aliyejali sana nani atoka huku, nani atoka kule. Hata Kanisa lilifuata mstari. Huku walifundisha Mapadri Weupe, kule Mapadri wa Verona. Jimbo la Bunia liliundwa mwaka wa 1959, na Mahagi ikatengwa nalo mwaka wa 1962; ng'ambo, Waalur walikuwa chini ya Arua mpaka lilipoundwa jimbo la Nebbi mwaka wa 1996. Binti wa Mahagi aolewaye Paidha hana budi kuomba cheti chake cha ubatizo katika jimbo jingine na nchi nyingine.

Tarehe 30 Juni 1960 bendera ya Ubelgiji ikashushwa. Haikupita miaka minne mpaka ukawa mwaka wa Simba. Mwaka wa 1964 waasi walishika karibu nchi yote ya kaskazini-mashariki, na mpaka wa Mahagi na Aru ukawa njia yao ya kupata msaada. Mwezi wa Februari 1965 ndege za serikali ya Kongo zikaangusha mabomu ng'ambo, juu ya Goli na Paidha. Mnaisikia hiyo? Mabomu ya Kongo juu ya Waalur wa Uganda, kwa sababu ya vita vya Wakongo. Mwezi wa Machi askari wa kukodiwa wa Hoare, pamoja na jeshi la serikali, wakaiteka Mahagi na kuendelea mpaka Aru. Dhahabu na pembe zilizovushwa na waasi siku zile zilileta mtikisiko hata Kampala: mwezi wa Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni akamshitaki kanali mmoja kuhusu fedha za dhahabu ya Kongo. Kanali huyo alikuwa mtu wa West Nile, jina lake Idi Amin.

Na kwa Amin gurudumu likageuka. Alipoangushwa mwaka wa 1979, askari waliomshinda walilipiza kisasi juu ya watu wa West Nile, hata wasiokuwa na hatia yoyote, na tangu mwaka wa 1980 watu wengi mno wakakimbilia Sudan na huku kwetu, kwenye nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Mwezi wa Juni 1981, katika misheni ya Ombaci karibu na Arua, watu waliokuwa wamekimbilia kwa mapadri waliuawa ndani ya uwanja wa misheni. Waliofaulu kuvuka mpaka waliingia katika vijiji vya Aru na Mahagi. Wengi wao hawakuhitaji kujitambulisha kwa hati. Walitaja jina la babu, wakaonyeshwa pa kulala. Hapo mstari wa Leopold, ambao haukuwekwa kwa ajili ya mema ya mtu yeyote wa huko, ukawa ukuta wa kujifichia, kwa kuwa askari wa Kampala hawakuwa na ruhusa ya kuuvuka.

Wakati wetu wa kukimbilia kule ukaja. Mwaka wa 1996 vita vya kumwondoa Mobutu vikaanza, na mwezi wa Mei 1997 Zaire ikawa Kongo tena. Mwezi wa Agosti 1998 vita vya pili vikazuka, na jeshi la Uganda likaingia Ituri. Mwezi wa Juni 1999 jenerali wa jeshi hilo, James Kazini, akatangaza mkoa mpya wa Kibali-Ituri akauwekea gavana, Adèle Lotsove. Tafakarini: jenerali wa nchi moja aunda mkoa katika nchi nyingine, kwa tangazo, kama mtu agawaye chumba cha nyumba aliyopanga. Ugomvi wa mashamba katika Djugu ukageuka kuwa mauaji makubwa, na Bunia yetu ikapata mabwana kwa zamu: watu wa RCD wa Wamba dia Wamba, kisha wa Mbusa Nyamwisi, kisha mwezi wa Agosti 2002 wale wa UPC wa Thomas Lubanga, kisha mwezi wa Machi 2003 jeshi la Uganda tena. Mwezi wa Mei lilipoondoka, mji ukawa hauna bwana, na mliokuwapo mwakumbuka siku zile bila mimi kuandika. Mwezi wa Juni wakashuka Wafaransa na wenzao wa Ulaya, na mwezi wa Septemba askari wa Umoja wa Mataifa wakashika zamu. Mahagi na Aru siku hizo zilishikwa na kundi jingine, FAPC la Jérôme Kakwavu, nao wafanya biashara wa mpakani walimlipa yeye ushuru.

Baadhi ya mabwana hao waliitwa kujibu. Lubanga alihukumiwa mwaka wa 2012 huko The Hague kwa kuwatia watoto katika vita, akapewa miaka 14. Kakwavu alihukumiwa Kinshasa mwaka wa 2014, akapewa miaka 10. Jenerali aliyekuwa akiunda mikoa hakufikishwa mbele ya mahakama hizo.

Ituri ikawa mkoa kwa sheria ya nchi mwaka wa 2015, na Bunia mji wake mkuu. Mwanzo wa mwaka wa 2018 mauaji yakarudi Djugu, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka ziwa kwa mitumbwi ya wavuvi kwenda Hoima. Wengine wa upande wa Mahagi walishika njia ya miguu kwenda kwa akina shangazi, wakawakuta watu ambao wazazi wao walilala Mahagi mwaka wa 1980. Mwezi wa Mei 2021 mkoa ukawekwa chini ya gavana mwanajeshi, na mwezi wa Februari 2025 jeshi la Uganda likaingia Bunia mara nyingine, sasa kwa mapatano na Kinshasa.

Ukienda Mahagi siku ya soko utaona wanawake wakivuka na vikapu vya mihogo, samaki wakavu na maharagwe. Wengine hupita mbele ya forodha, au duane kama tusemavyo huku. Wengine hupita njia za mashambani walizoonyeshwa na mama zao. Shilingi za Uganda hupokelewa sokoni pamoja na faranga zetu. Magari yashikayo mkono wa kuume huku hulazimika kushika wa kushoto mara yavukapo. Hata saa hazipatani, kwa kuwa mashariki ya Kongo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Mama aondokaye Mahagi saa mbili asubuhi hukuta Goli ni saa tatu na zaidi, naye ni hatua chache tu alizokwenda. Jioni, akirudi na kikapu kitupu, hurudishiwa saa yake.